Mzee Webster, Jina Lake, na Mashine Namba Kumi na Saba

Vijana wa idara ya ufumaji, siku mliponiaga kwa pilau na ile saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza ni siku ipi ya kazi ninayoikumbuka kuliko zote. Nilicheka tu, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na meneja alikuwa hajamaliza hotuba. Sasa nina muda wa kutosha kujibu. Vyeo na mishahara sitaandika. Hayo yamo kwenye mafaili, kama panya wameacha kitu. Nitaandika jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na wiki moja ambayo nusura nitoke.

Niliacha shule darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na nyuma yangu walibaki watatu: mapacha Kulwa na Doto, wa miaka minne, na Shija aliyekuwa bado ananyonya. Tuliishi upande wa Ilemela, nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea jiwe kubwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma hatukuhitaji kuujenga. Baba alikuwa fundi wa nyavu. Hakuvua; aliwashonea wavuvi, nami nilikaa naye tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo kufunga fundo la wavu nilijua kabla ya kujua kuandika jina langu. Alipoondoka niliendelea na kazi yake mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nao walinivumilia.

Nilipofikisha miaka kumi na minane nikasikia kiwanda cha nguo kinachukua watu. Nilijifunga kanga za marehemu mama ili nionekane mtu mzima, nikasimama getini siku tatu. Siku ya tatu wakanichukua, kufagia.

Kitu cha kwanza kilichonipiga ni kelele. Mashine zaidi ya mia moja zinapiga kwa pamoja, sakafu inatetemeka hadi magotini. Nilimwona mwanamke mmoja akisogeza midomo bila sauti na mwenzake wa mashine ya nne akaangua kicheko. Nikadhani wamerogwa. Kumbe wafumaji wote husoma midomo. Nanyi mnasoma, ingawa siku hizi mnaitumia zaidi kumsema msimamizi akiwa amesimama katikati yenu.

Yule mwanamke alikuwa Mama Koku, Mhaya wa Bukoba, mrefu, mwenye vumbi la pamba kichwani ambalo aliliita mvi za serikali. Yeye ndiye aliyeniona nikifagia huku nikitazama vidole vyake. Baada ya miezi michache akaniombea kwa msimamizi, Mzee Manyilizu, nikawekwa kando yake kujifunza.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini hata mgeni ataielewa. Nyuzi ndefu zinazokwenda wima ni mtande. Zinapita kwenye kitana cha chuma, uzi kwa uzi, halafu ule uzi wa kukingama unarushwa katikati yake huku na huku na kile chombo cha mti chenye ncha mbili, ambacho sisi watu wa ziwani tulikiita mtumbwi. Uzi wa mtande ukikatika, mashine inasimama, mfumaji anauunga kwa fundo dogo. Ni hilo tu. Lakini fundo lile lazima lipite kwenye jino la kitana, nafasi nyembamba kama ukucha.

Mimi nilikuwa na vidole vyepesi kuliko wote. Mama Koku alishangaa. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba kila nilipounga, baada ya nusu saa uzi ulikatika tena, palepale. Wiki nzima mashine niliyojifunzia ilisimama zaidi kuliko kupiga. Siku moja akazima mashine, akalivuta fundo langu, akaliweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Kabula, haya mafundo umefundishwa na nani?"

"Na baba."

"Baba yako alikuwa anafuma?"

"Alikuwa anashona nyavu."

Alicheka hadi akashika mbavu. Nyavu za siku hizi ni za nailoni, na nailoni inateleza, kwa hiyo mshona nyavu huzungusha uzi mara mbili kabla ya kukaza. Vidole vyangu vilizungusha mara mbili bila kuniuliza. Kwenye wavu ndiyo ustadi wenyewe. Kwenye pamba fundo linanenepa, linagonga kitana, linakatika.

"Waitu!" akasema kwa Kihaya. "Hapa hatuvui sangara, mwanangu. Hapa tunafuma kanga. Mara moja tu, ukaze, ukate mkia."

Fundo ni lilelile, alinionyesha. Mshona nyavu na mfumaji wanafunga kitu kimoja, wanatofautiana mzunguko mmoja. Ilinichukua miezi miwili kuuondoa mzunguko ule mmoja kwenye vidole. Baada ya hapo nikapewa mashine yangu, namba kumi na saba.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa kila wiki, na mtu aliyekuwa akisubiri mwaka mzima kushona nguo ya Krismasi sasa alichagua koti lenye vifungo vyake vyote. Maduka yakajaa vitenge kutoka nje. Kiwanda kikasimama mwezi, kikaamka, kikasimama tena. Wengi walipunguzwa, Mama Koku akiwa miongoni mwao. Aliniachia mkasi wake mdogo akapanda meli kurudi kwao. Halafu tukaambiwa amepatikana mwekezaji. Kati yetu wafumaji thelathini na sita tuliobaki, atachukua kumi na wanne, mashine zikishatengenezwa.

Wa kuzitengeneza alikuwa Mzee Webster.

Alikuja na sanduku moja la nguo na matatu ya spana. Alikuwa na miaka kama sitini, mwekundu wa shingo, na Kiswahili alichookota katika viwanda vya Kenya na Uganda. Mzee Manyilizu alimkaribisha mbele yetu sote kama "mgeni wetu Mwingereza".

"Mskoti," akasema Webster.

"Ndiyo, Mwingereza wa Uskoti."

"Mzee, wewe ni Mkerewe?"

"Mimi? Msukuma!"

"Basi sasa tumeelewana."

Mashine ya kwanza kufumuliwa ilikuwa yangu, kwa hiyo wiki mbili nilikuwa nikimshikia spana na kupanga skrubu kwenye sinia la chai kwa mpangilio aliotaka. Alikuwa haongei wakati wa kazi. Saa nne, chai ikija, alikaa juu ya sanduku na kuongea bila breki.

Siku moja nilimwona ametoka posta akiwa na sura ya mtu aliyekosa basi. Nikamuuliza kama amekosa barua.

"Si barua. Kila mji ninaofika naomba kitabu cha simu. Natafuta jina langu. Hapa Mwanza, hakuna."

"Unatafuta ndugu?"

"Natafuta ma-Webster."

Akanieleza. Kwao, zamani sana, watu walikuwa na jina moja tu, na wakiwa wengi wenye jina moja kijijini, walitambulishwa kwa kazi. Huyu mhunzi, yule mwoka mikate, huyu mfumaji. Webster ndiyo mfumaji. Wengine husema hapo mwanzo walioitwa hivyo walikuwa wanawake, kwa kuwa ndio waliokuwa wakifuma, halafu wanaume wakaichukua kazi na jina. Baadaye wakubwa wa kanisa na watoza kodi walipoanza kuandika vitabu, jina likagandia pale. Mtoto akawa Webster hata kama anachunga kondoo.

"Kwa hiyo jina lako ni Fundi Nguo," nikasema.

"Ndiyo. Na sijawahi kufuma hata kanga moja. Mimi ni wa mashine."

Watu wake, alisema, walifuma kitani nyumbani, kwenye vijiji vya pwani ya mashariki ya Uskoti. Chumba kimoja walilala, cha pili walifuma. Halafu zikaja mashine za mvuke mijini na kazi ya nyumbani ikafa. Babu wa babu yake alikuwa na wenzake watatu, tumbo moja. Mmoja akapanda meli kwenda Kanada, mmoja Australia, dada akaolewa asijulikane wapi, na yeye akaenda mjini kwenye viwanda vya magunia. Mjukuu wake, ambaye ndiye babu wa Mzee Webster, akawa fundi wa mashine za magunia. Baba yake akapelekwa Kalkuta kwenye kazi hiyohiyo. Na yeye mwenyewe akaishia juu ya sanduku la spana Mwanza. Nyumbani kwao kulikuwa na Biblia yenye majina ya wale wanne yameandikwa kwa mkono, na baada ya hapo ukurasa ni mweupe. Barua zilikuja miaka michache, zikakoma.

"Na kwenye vitabu vya simu unawapata?"

"Wengi! Toronto wamejaa ukurasa mzima. Nimewapigia wengine. Wote ma-Webster." Akanywa chai. "Hakuna anayenijua."

Alisema kwa kucheka, lakini sikucheka naye.

Akaniuliza jina langu la ukoo. Nikamwambia Kabula Mashauri.

"Mashauri ni ukoo?"

"Mashauri ni baba."

"Na baba wa Mashauri?"

"Masele."

"Kwa hiyo wewe ni Masele?"

"Hapana. Masele aliishia kwa baba."

"Na mtoto wako ataitwa nani?"

"Itategemea baba yake, ambaye bado hajajitokeza."

Alitaka kujua Kabula ni kazi gani. Nikamwambia si kazi, nilizaliwa mvua ikinyesha. Nikamweleza na wadogo zangu: kwetu Usukumani mapacha, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Huwezi kumwita mtu Kulwa halafu asiulizwe Doto yuko wapi.

Alifikiri sana, spana mkononi.

"Lakini jina lenu halisafiri. Mkipoteana, mtatafutana kwa kitabu gani?"

"Hatutapoteana," nikajibu, kwa kiburi cha mtu wa miaka ishirini na miwili.

Jumapili ya wiki hiyohiyo akaja baba mdogo Nkwabi kutoka Usagara. Hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Alikuwa ameona wenzetu wangapi wamepunguzwa, akahesabu, akaona mwisho wangu. Alikaa, akanywa maji, akasema mpango ambao wazee walikuwa wameshakubaliana. Nikikosa nafasi kiwandani, Kulwa ataenda naye Usagara kuchunga. Doto ataenda kwa mjomba Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Shija atakwenda kwa shangazi Nyegezi, aliyekuwa na watoto wadogo wa kulelewa. Mimi nitaolewa.

"Na nani?" nikauliza.

"Atapatikana."

"Mapacha mtawatenganisha, baba mdogo?"

"Hakuna nyumba yenye nafasi ya wawili, mwanangu. Ningekuwa nayo ningesema?"

Nikamwambia asubiri majina ya kiwandani yatoke. Akasema atasubiri, na atarudi siku yatakapotoka.

Mtihani wa kuchagua wale kumi na wanne ulichukua siku nne, watu tisa kila siku. Mzee Webster alikata kwa makusudi nyuzi mia mbili za mtande kwenye kila mashine, kana kwamba mtumbwi umekwama na kurarua. Kazi yako: kuziunga zote, kuzipitisha kila moja kwenye jino lake, tangu king'ora cha asubuhi hadi cha chakula. Mimi niliangukia siku ya nne. Mzee Manyilizu, ambaye tayari alikuwa na orodha yake ya wanaume kumi na wanne mfukoni, alipita kwangu asubuhi, akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, binti Mashauri. Unajua wazee wetu waliofuma zamani walikuwa wanaume?"

"Shikamoo, mzee. Nimesikia."

"Nakukumbusha tu, usije ukalaumu mtu."

Nilianza vizuri. Vidole vilikimbia. Niliwaza Sengerema, nikawaza kivuko, nikamwaza Doto amesimama kwenye kivuko peke yake, na vidole vikazidi kukimbia. Nilikuwa mbele ya wote. Nilipofika kama uzi wa themanini nikapitisha kidole juu ya nilizounga, kama Mama Koku alivyonizoesha, nikasikia vichwa vya mafundo. Vinene. Nikavuta kimoja kwenye mwanga. Mizunguko miwili.

Mikono yangu ilikuwa imerudi mwaloni. Nikaangalia kingine, na kingine. Yote themanini.

Mzee Manyilizu aliniona nimesimama. Akaja, akatazama, akaelewa mara moja. Alikuwa mfumaji kabla ya kuwa msimamizi. Kwa mara ya kwanza alinong'ona kama mtu anayenionea huruma.

"Endelea hivyohivyo. Yatapita leo. Mzungu ataona umemaliza, basi."

"Yatakatika kesho."

"Kesho si mtihani."

Alikuwa ananisaidia kweli, na nilishawishika; nisidanganye mbele yenu. Lakini kesho yake mashine ingepewa mtu mwingine, naye angesimama siku nzima akiunga uchafu wangu bila kujua umetoka wapi. Nimewahi kuachiwa mashine ya namna hiyo. Nikatoa mkasi. Nikakata mafundo yote themanini, nikaanza upya, polepole, nikijihesabia mdomoni kama mtoto wa chekechea: mara moja, kaza, kata. Mara moja, kaza, kata.

King'ora cha chakula kilipolia wenzangu wanane walikuwa wamemaliza au wamebakiza nyuzi za kuhesabu vidoleni. Mimi nilikuwa na arobaini na tatu zinaning'inia.

Mzee Webster akaja na daftari. Akatazama mtande, akatazama sakafu. Akainama, akaokota kifundo kimoja nilichokata, akakisogeza karibu na miwani.

"Hiki ni cha wavuvi," akasema. "Kwetu pwani wanafunga hivi."

"Baba yangu alikuwa akishona nyavu. Nilisahau niko wapi."

"Nani alikwambia ukate?"

"Hakuna."

Akaandika kitu. "Maliza," akasema, akaenda kula.

Nilimaliza saa nane, idara nzima ikiwa tupu, nikaenda nyumbani nikiamini nimekosa. Siku mbili zilizofuata mashine zote thelathini na sita zilipigishwa na mafundi wake, sisi tukiwa tumezuiwa nje ya geti. Tulidhani wanazijaribu mashine. Walikuwa wanatujaribu sisi. Mtihani wenyewe haukuwa nani amemaliza kabla ya king'ora. Ulikuwa kuhesabu mafundo ya nani yamekatika baada ya yeye kuondoka.

Siku ya tatu, saa sita, Mzee Manyilizu alitoka na karatasi akaibandika. Hakunitazama. Akasema kwa sauti ya kuuambia ukuta: "Yupo mmoja ambaye mafundo yake hayakukatika hata moja. Na hakumaliza kwa wakati. Sasa mimi sijui mitihani ya siku hizi inasahihishwaje."

Majina kumi na manne yalipangwa kwa alfabeti, na langu lilikuwa la nne.

Yaliyofuata niyaseme kwa mistari michache, maana mengine mmeyaona wenyewe. Mzee Webster alikaa mwezi mmoja zaidi. Kabla ya kuondoka aliniomba nimkalishe kwenye mashine namba kumi na saba, akafuma kama mita moja ya kaniki, vibaya, akaikata akaiweka kwenye sanduku. Alisema ni ya kwanza kutoka mkononi mwa Webster tangu babu wa babu yake, na kwamba angeshukuru nisimwonyeshe mtu picha yake akiunga uzi. Picha ninayo, mkifika nyumbani nitawaonyesha. Kiwanda kilifungwa mara mbili na kufunguliwa mara mbili, nami nilirudi mara zote mbili. Nimewafundisha ninyi wengi kukata fundo ambalo mnaona haya kulikata. Hilo tu ndilo ninalowaachia, pamoja na ule mkasi, ambao uko kwenye droo ya kushoto.

Lakini siku mliyoniuliza ni ile ya karatasi getini, na haikuishia getini.

Nilipofika nyumbani, baba mdogo Nkwabi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kofia magotini. Mlangoni palikuwa na vifurushi vitatu vya kanga, vimefungwa. Watoto walikuwa wamekaa juu ya jiwe la nyuma, wamenyamaza. Kwa watoto wale kunyamaza ilikuwa ugonjwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sema."

"Nimechukuliwa."

"Nafasi yenyewe au kibarua?"

"Yenyewe."

Aliigeuza kofia mara kadhaa. "Kiwanda chenyewe kinaweza kufungwa tena mwakani."

"Kikifungwa utarudi, na utanikuta hapahapa. Lakini baba mdogo, Kulwa akifika Usagara, kila atakayesikia jina lake atamuuliza Doto yuko wapi. Wewe ungekuwa unawajibu nini?"

Aliiweka kofia chini. Kisha akasema njaa inauma na basi la Usagara ni la saa kumi. Nikampikia ugali na samaki wa kukaanga aina ya furu, akala vizuri, akawawekea watoto mikono kichwani mmojammoja, akaondoka na mfuko wake tu.

Nikaanza kufungua vifurushi. Cha Kulwa, shati na kaptula. Cha Doto, shati na kaptula. Cha Shija kilikuwa kizito kuliko vyote, na ndani yake nikakuta sweta la shule la mapacha, lile moja ambalo walivaa kwa zamu, leo huyu kesho yule. Lingemfika Shija magotini.

"Sweta limefikaje huku?"

Mapacha walitazamana. Doto ndiye aliyejibu.

"Baba mdogo alisema tuamue nani aende nalo."

"Mkaamua?"

"Tukampa Shija."

Nikalikung'uta, nikalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

"Kesho ni zamu ya nani?"

"Yangu!" wakasema wote wawili, na kelele zikaanza.